Kimya Alipoanguka, Hakuna Aliyejua Jina Lake

Saa moja kasoro asubuhi, na mashine bado zimezimwa. Mama Povu anasimama kwenye mlango wa chumba cha kuchanganyia dawa za kufulia, ufunguo mkononi, shingo imetangulia mbele. Anavuta hewa kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Anangoja. Anavuta tena. Haridhiki mpaka aingie mwenyewe, aguse dirisha kuhakikisha liko wazi, kisha aiwashe feni ya ukutani na kuiwekea kiganja mbele aone kama kweli inapuliza.

Ndipo anageuka na kuwatazama wafanyakazi wake saba waliosimama uani, mmoja akipiga miayo, mwingine akihangaika na kamba za aproni.

"Mmeamkaje? Kuna anayekohoa? Kuna anayeumwa kichwa? Semeni sasa hivi, msiningojeshe mpaka mchana."

"Mimi naumwa njaa, Mama," anajibu mmoja, na wenzake wanacheka.

Mama Povu hacheki. Macho yake yanapita uso mmoja baada ya mwingine, na muda wote huo mkono wake umeushika ukingo wa mlango kama wa mtu aliye kwenye gari bovu.

"Wanadhani ni ukali," anasema baadaye, akiwa amezama viwiko kwenye beseni la taulo. "Ni hofu. Naamka nayo, nakunywa nayo chai."

Mama Povu ana umri wa miaka arobaini na sita. Jina hilo alipewa na wateja enzi alipokuwa akifua kwa mikono uani kwake. Leo anaendesha dobi yenye mashine tatu za kufulia, moja ya kukamulia na pasi mbili za mvuke, nyuma ya soko. Nyumba mbili za wageni humletea mashuka. Ingawa ni mwenye mali, bado anafua.

Biashara ilipokua, aliajiri watu kama jirani anavyoazima chumvi: kwa kupiga hodi. Dereva wa pikipiki anayepeleka nguo kwa wateja alimwambia siku moja, "Mama, kuna jamaa anatafuta kibarua, ana nguvu." Akajibu, "Mlete." Kesho yake yule jamaa alikuwa ameshavaa gambuti.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Na kwa kuwa mwenyewe hakuwa msemaji, alijibu kwa kichwa na kula chakula chake pembeni, wakamwita Kimya. Jina likakaa.

"Mambo ya mikataba na fomu niliona ni ya makampuni yenye lifti," anasema Mama Povu. "Mimi niliwaambia watu wangu, hapa sisi ni familia. Nilikuwa najivunia kabisa."

Mwaka jana, mfanyakazi aliyekuwa akichanganya dawa za kuondoa madoa aliacha kazi bila kuaga. Kimya akahamishiwa chumba kile. Mafunzo aliyopewa yalikuwa sentensi moja: fanya kama mwenzako alivyokuwa akifanya.

Siku mbili baadaye, kabla ya mchana, mashuka ya nyumba ya wageni yalikuja na madoa ya kutu, nayo yalitakiwa siku hiyo hiyo. Barabarani kulikuwa na vumbi, hivyo Kimya akafunga dirisha. Akaloweka mashuka kwenye asidi ya kutoa kutu. Madoa yalipokataa kutoka upesi, akamimina juu yake dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hakujua kwamba hivyo viwili vikikutana vinatoa hewa ya sumu.

Mama Povu alikuwa mbele, akibishana na mteja kuhusu kifungo kilichopotea. Alisikia kikohozi, kisha ndoo ikigonga sakafu, kisha sauti ya Shangazi. Shangazi ndiye mpiga pasi mkongwe pale, na kila mtu humwita hivyo.

"Mama! Njoo! Anakufa huku!"

Mlango ulipofunguliwa, hewa iliwachoma macho na koo kwa pamoja. Dereva alijifunga taulo bichi usoni, akaingia akiwa ameinama, akamkokota mwenzake kwa gambuti mpaka uani. Midomo ya Kimya ilikuwa imebadilika rangi. Kifua kilipanda, kikakwama, kikapanda tena kwa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta.

Hospitalini, nesi alichukua kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

"Kimya."

"Naona hawezi kusema, mama. Nakuuliza wewe, anaitwa nani?"

"Ndivyo tunavyomwita. Kimya."

"Jina lake kamili?"

Mama Povu aliwageukia wenzake. Shangazi akatazama chini. Dereva akatazama juu.

Nesi akaendelea. Ana miaka mingapi? Ndugu yake nani? Ana pumu? Kuna dawa inayomdhuru? Kila swali likapata jibu lile lile: sijui. Mwishowe nesi aliiweka kalamu mezani.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mwajiri wake."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi."

"Angenifokea ningepata nafuu," Mama Povu anakumbuka. "Hakunifokea. Aliniangalia tu, halafu akakimbilia ndani."

Walikaa kwenye benchi la korido. Pale ndipo Mama Povu aliposikia jambo ambalo, kwa maneno yake, lilimtisha kuliko ile hewa. Shangazi, bila kumtazama, alisema kwamba Kimya alikuwa na kawaida ya kutoka kwenda kukohoa nyuma ya tangi la maji.

"Ulijua?"

"Tulijua wote."

"Mbona hamkuniambia?"

Shangazi alisokota leso yake. "Tulikuogopa."

"Mimi? Mimi ninayekula nanyi sahani moja?"

"Yule binti wa mapokezi. Alipougua ulimwambia akapumzike, akipona utamwita. Ulimwita?"

Mama Povu alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha.

"Basi. Tangu siku ile, pale kazini hakuna anayeumwa."

"Lakini Shangazi, sisi si familia?"

"Familia gani, mdogo wangu, ambayo hatujui hata jina la mtoto wetu?"

Simu ya Kimya ilikuwa imezama kwenye beseni. Wasingeweza kumpigia mtu yeyote. Dereva alichojua ni kwamba asubuhi Kimya alikuwa akitokea upande wa machimbo ya kokoto. Mama Povu akapanda nyuma ya pikipiki, wakaenda, Shangazi akabaki na mgonjwa.

Waliuliza kwa kinyozi. Waliuliza kwenye vibanda vya maji na vya vocha. Kijana mrefu, mpole, hasemi na mtu, anaitwa Kimya? Watu walitikisa vichwa. Kila kichwa kilichotikiswa, Mama Povu aliharakia kibanda kinachofuata. Alikuwa akiwaza mtu anayekata roho hospitalini, na mtaani hakuna anayejua kwamba amewahi kuwepo.

Dereva ndiye aliyekumbuka kwamba katika simu yake kuna picha ya siku mashine mpya ilipoletwa. Nyuma kabisa, nusu uso, alikuwemo Kimya. Wakamwonyesha fundi viatu. Akavaa miwani.

"Si Redio huyu!"

"Hapana, huyu anaitwa Kimya."

"Kimya?" Fundi alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Huyo hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni! Mtaa mzima tunamjua. Kafanya nini tena?"

Alipoziona nyuso zao, kicheko kikakatika.

"Mpaka leo nakisikia kile kicheko," anasema Mama Povu. "Mtu anayeitwa Redio kwao, kwangu hakufungua mdomo. Nikajiuliza, mimi ni mtu wa namna gani?"

Nyumba ilikuwa hatua chache tu. Dada mkubwa wa Redio alikuwa akifagia mlangoni. Hakungoja wamalize kueleza.

"Ana pumu tangu utotoni! Na penisilini wasimchome, mnasikia? Ilimvimbisha koo, nusura tumzike!"

Mama Povu alipiga simu kwa Shangazi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Walipanda watatu kwenye pikipiki moja, dada katikati akilia, na njia nzima simu ilikuwa sikioni inaita. Anasema hakumbuki barabara, anakumbuka ule mlio tu.

Aliingia wodini akikimbia, kandambili moja imebaki getini, akipaza sauti. "Penisilini hapana! Msimchome penisilini!"

Sindano ilikuwa imeshaandikwa kwenye faili. Bado ilikuwa haijachomwa.

Shangazi naye simu yake ilikuwa mfukoni mwa aproni, imezimwa sauti, kama sheria ya kazini inavyotaka.

Redio alilazwa wiki mbili. Gharama zilimeza akiba yote ya mashine ya nne, na Mama Povu hazitaji kama hasara. Anachokitaja ni swali la yule dada, aliloulizwa siku ya tatu kwa sauti ya chini, wakiwa wawili tu dirishani: "Angekufa kabla hamjanipata, mngemzika kwa jina gani?"

Wafanyakazi wawili waliacha kazi wiki ile. Waliobaki hawakutaka hata kupita karibu na chumba cha dawa. Mama Povu mwenyewe alikuwa hakigusi kitasa chake, akawa anafua kwa sabuni ya kawaida tu na wateja wananung'unika.

Aliyemkwamua ni mteja, afisa utumishi mstaafu, aliyefuata suti zake na kukuta bado chafu. Akaelezwa yaliyotokea, akavuta stuli.

"Una wafanyakazi wangapi?"

"Saba tu, mzee. Nilidhani nikifika ishirini ndiyo nianze hayo mambo ya mikataba."

"Ulitakiwa uanze na yule wa kwanza," alisema mzee. "Ukiwa na mmoja unaweza kumuuliza taratibu. Ukishakuwa na saba wanaokuogopa, utaanzia wapi?"

Alikuja alasiri kadhaa, malipo yake yakiwa mashati ya kupigwa pasi. Kila mfanyakazi akapata mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Majina kamili, simu ya ndugu na hali ya afya vikafungiwa kabatini, na kila mtu akaambiwa ni kwa ajili gani. Hakuna anayegusa dawa kabla ya kufundishwa na kuonekana ameelewa. Anayeumwa anapumzika, mshahara haukatwi. Na mwenye lalamiko asiyethubutu kwenda kwa Mama Povu, anakwenda kwa Shangazi.

"Hata lalamiko juu yangu," anasema Mama Povu.

"Na ni mengi," Shangazi anadakia kutoka kwenye pasi yake.

Redio hakurudi kwenye dawa, maana daktari alikataa. Yuko mapokezi, na pale sasa hata mashine zikinguruma unamsikia. Wateja wengine huja na nguo moja moja ili wapate kupiga naye soga.

Anapoulizwa kwa nini alinyamaza muda wote ule, anaacha utani kidogo.

"Nikiongea sana, kifua kinabana, nakohoa. Nikikohoa, Mama ataniona. Akiniona, nitaambiwa nikapumzike," anasema. "Nilihitaji kazi. Nikaona bora nifunge mdomo. Jioni nikifika kwetu ndiyo naongea ya siku nzima."

Yule binti wa mapokezi hajapatikana. Mama Povu alikwenda alikokuwa akipanga, akaambiwa alihama, hakuna ajuaye alikokwenda. Mama Povu amekwenda huko mara tatu.

Na wiki iliyopita, Mama Povu alipokuwa akifunga hesabu za mchana, mpiga pasi mdogo kuliko wote alisimama mbele yake, akikunja na kukunjua pindo la aproni. Nyuma yake, hatua mbili hivi, alisimama Shangazi.

"Mama, nina jambo. Nina mimba. Ya miezi minne."

Miezi minne binti yule alikuwa akivuta mvuke na harufu za dawa, akibeba mabeseni, na kila asubuhi akiulizwa uani alikuwa akijibu kwamba yu mzima.

"Nilitaka kumfokea. Mbona ulificha? Halafu nikajiona nilivyosimama, mikono kiunoni, sauti juu. Nikakaa chini."

Akamwambia na yeye akae. Akamuuliza amekula nini, amekwenda kliniki lini, nani anamsindikiza. Kisha akamhamishia mapokezi, pembeni mwa Redio, na kuongeza kwenye mkataba wake mistari miwili: likizo ya uzazi yenye mshahara, na nafasi yake kungoja mpaka arudi. Aliisoma kwa sauti mbele ya wote, akatia saini.

Nyumba ya tatu ya wageni imeomba kuleta mashuka yake, jambo litakalohitaji watu wanne zaidi. Ameiambia isubiri. Mshahara wa likizo ile hajui atautoa wapi, wala hajui kama mtoto hajapata madhara, na hilo la pili ndilo linalomsimamisha mlangoni kila binti yule anapokwenda kliniki.

"Naogopa, sitadanganya," anasema Mama Povu, akikamua taulo la mwisho. "Lakini alikuja. Aliniogopa, na alikuja. Mwingine akipata mimba, nataka aje mwezi ule ule wa kwanza."