Ugonjwa Unaoogopa Moto

Mtu akikuambia anaogopa nyoka, utamwelewa. Akikuambia anaogopa radi, utamwelewa pia. Sasa hebu jaribu wewe kuwaambia watu kwamba unaogopa tufaha, uone watakavyokushushia heshima! Mwanamke wa hadithi hii alijaribu, tena akiwa mke wa muuza matunda, akaishia kupewa jina. Mtaa mzima ulimwita Mama Chemsha, kwa sababu hapakuwa na tunda wala mboga iliyoingia mdomoni mwake bila kupita jikoni kwanza. Tufaha alichemsha. Karoti alichemsha. Hata ndizi mbivu, ambayo wewe unaimenya na kuila huku unatembea, yeye aliipika kwanza. Jina lenyewe alilipokea kwa kicheko, maana ukinuna ndiyo wanalikazia.

Hakuzaliwa hivyo. Utotoni alikula matunda mpaka maji yakamchuruzika viwikoni. Mambo yalimgeukia baada ya kuolewa. Siku moja aliuma tufaha pale pale kwenye meza ya mumewe sokoni, mara midomo ikaanza kumwasha, ulimi ukawa mzito, koo likawa kama limekwamwa na pamba. Akadhani ni dawa ya wadudu. Akachukua lingine, akaliosha kwa sabuni kabisa, akauma. Yakawa yale yale. Baada ya tufaha ikaja karoti, ikaja tango, likaja tikiti, mpaka ikawa anapanga matunda kutwa nzima na hana hata moja la kuonja.

Akaenda hospitali peke yake. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, hakumcheka. Alimweleza kwamba mwili wake una ugomvi na chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo, na kwamba ndani ya matunda mabichi mna kitu kinachofanana nayo, basi mwili unakosea na kuanza vita. "Ukipika, kitu hicho kinaharibika," alisema. "Ndiyo maana ukila kilichoiva jikoni hupati shida." Akampa vidonge, na onyo juu yake: midomo kuwasha ni kero tu, meza kidonge, lakini koo likianza kuziba, usikae kusubiri kidonge, kimbilia hospitali uchomwe sindano. Mama Chemsha alirudi nyumbani mwepesi, anatabasamu njiani. Alidhani kwamba akishayaeleza hayo kwa mumewe, kazi imekwisha.

Mumewe walimwita Sukari, kwa ajili ya namna alivyonadi bidhaa zake. Alikuwa na sauti ya kufika mpaka kwa wauza samaki: "Sukari tupu! Asiyeamini aonje! Asiyeamini aonje!" Alimsikiliza mkewe hadi mwisho, halafu akacheka kwa nguvu.

"Yaani mke wa Sukari anadhurika na tufaha? Mama, hiyo usimwambie mtu."

"Nakuambia wewe, si mtu. Unaniamini?"

"Nikuamini nini? Hayo ni mawazo tu. Ukiacha kuyafikiria yataisha."

Akavaa viatu, akatoka. Mama Chemsha akavitia vidonge vyake kwenye kopo tupu la majani ya chai, akaliweka juu ya kabati. Mumewe hakuuliza hata vinamezwaje.

Mama mkwe, aliyekaa nao chumba cha pili, alikuwa na lake. Yeye kila alipomwona mkwewe anakula karoti kwenye mchuzi alisimamisha kijiko hewani. "Mkwe, hebu nieleze mimi mjinga. Karoti mbichi inakuua, karoti iliyopikwa inakushibisha. Ugonjwa gani huu unaoogopa moto?" Na nyumba nzima ikaangua kicheko. Siku moja mama huyo akaamua kumaliza ubishi. Akakuna karoti mbichi laini kabisa, akaichanganya na wali uliokwishapoa, akampakulia. Midomo ya Mama Chemsha ikavimba mbele ya sahani. Unajua mama mkwe alisemaje? Alisema ni mbu! Sukari alimtazama mkewe usoni, akatazama sahani, kisha akasema anakwenda kuangalia kama bomba la nje linatoa maji. Mama Chemsha alimeza kidonge chake peke yake kule jikoni.

Hilo ndilo lililomla yule mwanamke. Si tufaha, jamani. Matunda alishayasamehe. Kilichomuuma ni kulala kitanda kimoja na mtu anayemwona mwongo. Kila jambo jingine Sukari alimwamini: alimwachia meza, alimwachia wateja, alimwachia hata kuamua tikiti lipi limeiva kwa kuligonga tu. Hili moja ndilo alilolikataa, na yeye alilitaka hili moja kuliko kanga, kuliko viatu, kuliko nyumba.

Na kazi aliifanya, tena kwa moyo. Asubuhi alifuta tufaha moja moja kwa kitambaa, akaligeuza upande mwekundu uwatazame wapita njia. Yaliyobonyea aliyaweka kando ya kwenda kuchemsha. Halafu alikata matunda mchanganyiko ya kuuza kwenye vikopo kwa watu wa maofisini. Kwa kuwa maji ya matunda yalimwasha mpaka vidoleni, alinunua glavu za mpira, akawa anakata nazo. Wale wa maofisini wakazipenda sana glavu zile. "Huyu mama msafi," walisema, na foleni ikarefuka.

Foleni ndiyo iliyoleta balaa. Meza ya jirani ilikuwa ya bwana mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Redio aliona wateja wake wanahamia upande wa pili, roho ikamchoma. Hakuzua uongo mkubwa. Alichukua vitu viwili ambavyo kila mtu aliviona, akavifunga pamoja.

"Mimi sisemi kitu," alikuwa anawaambia watu, huku anasema. "Nauliza tu. Mtu anashika matunda ya mumewe kwa glavu, kwa nini? Na nyumbani hali mpaka ayachemshe, kwa nini? Shemeji yangu yule si mjinga. Anajua wanayapulizia nini."

Basi, kitumbua kikaingia mchanga. Wa maofisini wakaanza kupita kwa mbali. Wanawake waliokuwa wakinunua kapu zima wakawa wanauliza maswali, wananusa, wanarudisha tunda mezani. Papai lililokatwa asubuhi lililegea vikoponi mpaka jioni. Sukari akanadi hadi sauti ikakauka. "Asiyeamini aonje!" Mtu mmoja akamjibu kutoka kwenye umati: "Aonje mkeo kwanza!" Soko zima likacheka.

Jioni ile Sukari hakula. Alikaa kitandani, viatu miguuni, anakazia macho ukuta.

"Jumamosi soko likijaa," alisema, "utakula tufaha moja mbele ya watu. Moja tu. Redio atafunga mdomo."

"Unajua siwezi."

"Kipande kimoja hakiui mtu," mama mkwe akadakia kutoka chumba cha pili, maana kuta zilikuwa nyembamba.

"Kula wewe," Mama Chemsha akamwambia mumewe. "Mama naye ale. Nitawakatia mimi mwenyewe."

"Mimi nakula kila siku, nani ananitazama? Wanakutaka wewe." Akamgeukia. "Au umeamua kunitia aibu? Meza hii ndiyo inayokulisha. Wewe ndiye uliyeniharibia kwa glavu zako na masufuria yako, na wewe ndiye utakayenitengenezea."

Neno hilo lilimchoma mpaka kwenye mfupa. Alikaa nalo siku zote zilizofuata, anafuta matunda, analitafuna. Na humo katika kulitafuna, wazo likamjia ambalo hakumwambia mtu. Atakula. Akila, atavimba. Akivimba mbele ya macho ya Sukari, mchana kweupe, bila mbu wala bomba la maji la kwenda kuangalia, basi atamwamini. Mpumbavu? Labda. Lakini wewe hujakaa miaka unaitwa mwongo nyumbani mwako.

Jumamosi watu walijaa. Sukari alivaa shati lake jeupe lenye mfuko kifuani, akapanda juu ya kreti. "Njooni! Mnasema mke wangu hali matunda yangu? Njooni mwone kwa macho yenu!" Redio mwenyewe akaacha meza yake, akaja mbele kabisa na mikono kiunoni. Sukari akachagua tufaha, jekundu, akalifuta kwenye suruali, akamkabidhi mkewe.

Mama Chemsha alilishika mkono mtupu. Alimwangalia mumewe, akasema kwa sauti ya chini, wao wawili tu wakasikia: "Nikivimba, utaniamini?"

"Kula, bwana. Watu wanasubiri."

Akauma. Akatafuna. Watu wakapiga makofi. Mungu wangu, lilikuwa tamu! Alikuwa amesahau jinsi lile tunda linavyokatika kwa sauti, na maji yake yalivyo baridi. Akauma tena, na mara ya tatu, kwa hamu ya miaka yote ile, na Sukari juu ya kreti akafungua mikono: "Mmeona? Si niliwaambia? Sukari tupu!"

Mwasho ulianzia kwenye midomo. Ukashuka. Ulimi ukajaa mdomo. Alitaka kusema "maji", haikutoka, na koo likaanza kufunga. Tufaha likamponyoka. Makofi yakakatika, mwanamke mmoja akapiga yowe, watu wakarudi nyuma. Alikuwa amepiga magoti anatafuta hewa, macho yamemtoka, na hata hapo aliinua uso amtafute mumewe, aone kama sasa anaamini.

Sukari alikwisharuka kutoka kwenye kreti. Na kabla hajasema lolote, kabla hajamgusa, alitia vidole kwenye mfuko wa shati jeupe, akatoa vidonge. Akamtilia mdomoni viwili na funda la maji. Halafu akasimama, akawageukia watu, akapaza ile sauti yake: "Presha jamani! Ana presha tangu zamani! Tunda halina kosa!"

Aliyembeba alikuwa Redio. Sema lolote juu ya Redio, lakini rangi ilimtoka usoni, akamwinua yule mama mzimamzima, akamlaza nyuma ya pikapu ya kubebea mizigo, akaendesha anapiga honi mpaka hospitali. Sukari alibaki kufunika meza. Hospitali wakamchoma sindano, wakamwekea hewa, koo likafunguka taratibu. Redio akakaa kwenye benchi la nje, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara akakosa la kusema.

Sukari alifika jioni na mama yake. Mama mkwe alilia kweli. "Mkwe, nisamehe, mimi nilidhani maringo. Kumbe unakufa!" Alimsugua miguu, akamvuta shuka, akaapa kwamba atakayemcheka tena atamkuta yeye mlangoni. Kisha akatoka kwenda kutafuta chai.

Sukari akavuta kiti. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kazini salama. "Umetutisha, mke wangu. Lakini nashukuru nilikuwa tayari. Nilikupa dawa pale pale, hata daktari amenisifu."

Mama Chemsha alikuwa bado na sauti ya kukwaruza. "Ulivitoa wapi?"

"Mfukoni."

"Vilifikaje mfukoni?"

"Nilivichukua asubuhi. Kwenye lile kopo la chai."

Alilisema hivi hivi, kama anasema alichukua mwavuli. Halafu akasikia alichokisema. Akainamisha kichwa, akaanza kukwangua uchafu ulioshika kwenye suruali, pale alipofutia tufaha.

Mkewe alimtazama muda mrefu. Miaka yote ile alikuwa analilia aaminiwe, na kumbe alikuwa ameaminiwa. Tangu siku ya wali, pengine tangu siku ile ya kwanza alipovaa viatu akatoka. Alijua, akamwacha achekwe mezani. Alijua, akamwita mwongo. Alijua vizuri kiasi cha kubeba dawa, na akamkabidhi lile tufaha kwa mkono wake. Laiti angekuwa hajui! Mjinga unamsamehe.

"Ningefanyaje?" Sukari alisema, anazungumza na suruali. "Biashara ilikuwa inakufa. Na ukitoka, tafadhali, watu wakikuuliza sema ni presha."

Mkewe alinyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe dawa zangu."

"Zipo salama kwangu."

"Nipe."

Akazitoa, akampa. Leo hii mama mkwe ndiye anayechemsha matunda nyumbani, na mtaa mzima, uliosikia ukweli kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, unajua ugonjwa ule na unauamini. Meza ya Sukari imeinuka tena. Mkewe yuko kwenye meza ya Redio, anakata matunda kwa glavu zake, na usiku analala chumba cha pili na mama mkwe. Sukari akinadi ng'ambo ya pili, "Asiyeamini aonje!", wateja humwona yule mama anasimamisha kisu kidogo, anapapasa mfuko wa aproni yake kuhakikisha vidonge vipo, kisha anaendelea kukata.