Wiki Sita za Jicho la Kushoto

Nilipokuwa mtoto kule Likoni, siku za vita vya Wazungu, kipanda uso kilikuwa kikinijia mara kwa mara. Kichwa kiliniuma upande mmoja, nikatapika, kisha kikapoa. Nilipokuwa na miaka minane kilikuja kikakaa siku tatu, na kilipoondoka kiliniacha na jicho la kushoto limefumba. Nikiinua kope kwa kidole, mboni ilikuwa imekwenda pembeni, haitaki kurudi, na kila kitu kimoja nilikiona viwili.

Jirani yetu Bi Mwanakombo alinitazama mara moja tu, akamvuta mama kando. Nilimsikia.

"Hilo jicho lina mwenyewe sasa, wallahi. Usiliache limtazame mtoto."

Mtoto alikuwa ndugu yangu Bakari, hajatimiza hata siku arubaini. Kabla yake mama alikuwa amezika wawili.

Nikahamishiwa kwa bibi, chumba cha uani. Chuoni, tulikosoma Kurani, wenzangu walihama mkeka niliokalia. Hayo niliyavumilia. Lakini asubuhi moja nilimsikia Bakari akilia, nikaingia ndani kama nilivyozoea. Mama alimfunika uso kwa leso, akageuka. Nilikuwa nimeinua kope kwa kidole, nikaona mama wawili, na wote wamenipa mgongo.

"Mama, nimeliziba kwa mkono. Silitumii."

"Toka, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nakuomba, toka."

Baada ya wiki sita hivi kope ilipanda, na jicho likarudi mahali pake. Bibi alisema ni udi aliokuwa akinifukizia kila jioni. Nikarudi ndani, ila Bakari sikuwahi kumbeba mpaka akatembea mwenyewe. Hakuna aliyenikataza tena. Mikono yangu ndiyo iliyokataa.

Nilishakuwa mtu mzima daktari mmoja wa macho aliponiambia kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa nadra, jamaa ya kipanda uso, unaodhoofisha mshipa wa fahamu unaoendesha jicho. Nilikwenda kumweleza mama. Alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu."

"Hakukuwa na kitu, mama."

"Ulikuwa na miaka minane tu," akasema. "Nami nikakuogopa."

Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Mtu aliyezika wawili, ningemwambiaje ajaribu bahati yake kwa wa tatu? Lakini hadi sasa, kichwa kikianza kuniuma, hujifungia chumbani peke yangu, na wanangu wakibisha hodi huwaambia nimelala.