V Tatu za Baba

Darasa la pili sikulimaliza, na nyumba yangu hapa Kilosa nimeijenga kwa jasho langu. Kwa hiyo sikuzoea kuuliza watu mambo.

Koti la marehemu baba la Vita vya Pili vya Dunia lina V tatu nyekundu kwenye mkono. Kila mtu anajua V tatu ni sajini. Basi miaka yote nikamtambia jirani yangu Omari, maana koti la baba yake lina V moja tu.

"Babako alikuwa anambebea babangu buti," nilimwambia hata msibani.

Mwezi uliopita nikalijengea kaburi la baba, nikaandikisha SAJINI kwenye saruji. Siku ya dua nikalitundika koti watu walione. Mwanajeshi mmoja mstaafu kutoka Mikumi akaniamkia, kisha akashika mkono wa koti.

"Mzee wangu, hizi zimeshonwa chini, karibu na kiganja, na ncha zinatazama juu. Zinahesabu miaka aliyokaa vitani. Siyo cheo. Alikuwa askari wa kawaida."

Nikamkumbuka baba: "Hizo ni za kukaa tu, mwanangu." Nikadhani ananyenyekea!

Omari akauliza taratibu, "Na V moja iliyo juu, karibu na bega?"

"Hiyo ndiyo cheo, mzee. Koplo usu, ngazi moja juu ya askari wa kawaida."

Omari akainua mikono. "Haya jamani, tumwombee askari wa baba yangu."

Watu wakaitikia amina, macho yao kwenye SAJINI. Saruji ilishakauka.