Jozi za Rafu ya Juu

Katika duka la viatu la Mzee Jabiri, pale Bunda mjini, zilikuwepo jozi kumi na nne ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziulizia. Zilikaa rafu ya juu kabisa, zimefunikwa kwa kanga ya marehemu mkewe zisile vumbi. Ukizitazama kutoka chini ungesema ni viatu kama viatu vingine. Ukizishusha ndipo unashangaa: cha kushoto namba thelathini na nane, cha kulia namba arobaini na moja. Zote kumi na nne, hivyo hivyo.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla mfungo haujaingia, Jabiri alizishusha, akazifuta moja moja, akazipaka mafuta ngozi isipasuke, kisha akazirudisha. Mkewe Safina alipokuwa hai alikuwa akimtania.

"Baba Yunusu, hivyo viatu unamfugia nani?"

"Mungu kaumba kila kitu kwa jozi," alikuwa akijibu. "Mwenyewe yupo."

"Basi aje upesi, rafu inapinda."

Mambo haya yalianza miaka kumi na tisa nyuma, duka likiwa bado linanuka rangi. Aliingia mwanamke kutoka Kisorya, jina lake Skolastika, mtaratibu, kitenge kimeshuka mpaka chini. Aliomba viatu vyeusi vya kanisani, namba arobaini na moja. Jabiri akamwonyesha benchi akae ajaribu. Akakataa, akasema namba yake anaijua, afungiwe tu. Siku hiyo watu walikuwa wengi, na mezani palikuwa na jozi mbili za mtindo mmoja, namba tofauti. Jabiri alifunga harakaharaka, akampa, mwanamke akaenda zake.

Jabiri alipokuwa anapanga vitu vyake jioni, alikuta mezani kimebaki cha kushoto kidogo na cha kulia kikubwa. Akashika kichwa. Amempa mtu viatu visivyolingana, tena mtu wa mbali. Wiki nzima alitunga maneno ya kuomba radhi.

Skolastika alirudi siku ya nane, na hakugomba. Alisimama mlangoni machozi yanamtoka, akainua kitenge kidogo tu, na Jabiri akaona. Mguu wa kulia ulikuwa umesinyaa tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza, mfupi kuliko mwenzake. Na kile kiatu kidogo kilikuwa kimeukaa kana kwamba kimeshonewa hapo hapo.

Alisema maisha yake yote alikuwa akijaza matambara kwenye kiatu cha kulia, kwa sababu wauza viatu wakiuona mguu wake wengine hucheka na wengine humwonea huruma, na hajui lipi baya zaidi.

"Wewe uliniona ukanyamaza," alimwambia. "Ukanifungia cha kwangu bila kuniaibisha. Mungu akuongezee, baba."

Jabiri alifungua kinywa aseme kweli, kwamba hakuona chochote, kwamba ni kosa la mtu mwenye haraka. Akakifunga tena. Alimtazama yule mama anavyokanyaga chini kwa miguu yote miwili, akaogopa. Hakumwogopa mama. Aliogopa mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa umefunga kitu ambacho macho hayakukijua.

Basi tangu hapo Skolastika alikuwa mteja wake. Kila alipokuja, Jabiri alitoa jozi mbili, akamchagulia vyake, na viwili vilivyobaki akavifunga pamoja na kuvipandisha juu. Alisema moyoni kwamba aliyemkumbuka mwenye mguu wa kulia mdogo hawezi kuwa amemsahau mwenye mguu wa kushoto mdogo. Hiyo aliihesabu amana. Ile siri ya kosa hakumwambia mtu, hata Safina.

Kisha zikaja siku za kununua kwa simu. Hazikuja kwa kishindo. Watu waliendelea kuingia dukani, wakakaa kwenye benchi, wakavaa, wakatembea mpaka mlangoni na kurudi, wakasoma namba ndani ya kiatu. "Asante mzee, nitapita." Wakifika kwenye ngazi tu, simu mkononi, wanaagiza kile kile kutoka mbali. Baada ya siku chache mzigo unashushwa kwenye basi.

Jabiri hakuwalaumu. Hata yeye jambo hilo lilimshangaza. Kijana wa Manyamanyama anagusa kioo kwa kidole, na ng'ambo ya bahari kiatu kinaanza safari, kinapita miji isiyojua jina la Bunda, kinamkuta mwenyewe mlangoni. Alikuwa akisema Subhanallah, kwa dhati kabisa. Ila mshangao hauliwi. Samia, binti wa mdogo wake, aliuza viatu vingi kuliko yeye, naye hakuwa na duka, ila chumba kimoja Kigera kule Musoma, na simu.

Mwaka huu Jabiri akaona imetosha. Akapatana na mwenye nyumba kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi atarudisha funguo. Jumatatu ya wiki hiyo Samia akaja kumsaidia kufunga maboksi. Alifanya kazi vizuri mpaka alipoivuta ile kanga.

"Ba'mkubwa, hizi ni za kutupa."

"Hizo si zangu, mwanangu," alisema Jabiri. "Ni za mtu. Nikifunga mlango huu kabla hajaja, nitakuwa nimebeba amana ya watu miaka kumi na tisa na kuiangusha kizingitini."

Samia alidhani ni uzee. Lakini mchana ule ule Skolastika naye akaingia, amesikia habari ya kufunga. Alikuwa anachechemea. Alieleza kwamba mwanawe Masatu alimwagizia viatu kwa simu, akaomba kabisa achanganyiwe namba mbili, akajibiwa achague namba moja. Vilipokuja, yeye akarudia matambara yake, na wakati wa kushuka kwenye kivuko pale Kisorya kiatu kikamtoka, akaanguka mbele za watu.

"Kule hakuna mtu wa kumwambia," alisema. "Kuna namba tu."

Hakusema kwa ubaya, lakini Samia aliinamisha uso. Aliitazama miguu ya yule mama, akaitazama rafu, na jambo zima likamfungukia. Akazishusha zote kumi na nne, akazipanga sakafuni, akazipiga picha. Akaziweka mtandaoni, akaandika: Kushoto 38, kulia 41. Haviuzwi. Vinamtafuta mwenyewe. Bunda mjini.

Watu wa mtandaoni unawajua. Mmoja aliuliza kama mwenyewe ni yule anayekimbia na kutembea kwa wakati mmoja. Mwingine akasema huyo mzee aliuziwa mzigo wa wizi, sasa anatafuta wa kuchekwa pamoja naye. Jumatano picha ilikuwa imefika mbali, na vicheko pamoja nayo. Alhamisi, kimya. Jioni ile Jabiri alichukua kanga akazifunika tena, na Samia hakumzuia.

Ijumaa asubuhi, duka likiwa limebaki benchi na zile jozi, alisimama mlangoni mwanamke mnene, mwalimu, amevaa raba za kiume. Alijitambulisha kwa jina la Matrida, kutoka Butiama. Alisema wanafunzi wake walikuwa wanacheka kitu kwenye simu, akawanyang'anya, naye alipoitazama hakuweza kucheka. Aliumwa na nyoka mguu wa kushoto akiwa na miaka mitano, na ule mguu uligoma kukua na mwenzake.

Jabiri alivuta benchi. Akapiga magoti, kazi ambayo magoti yake yalikuwa yameikataa siku nyingi, akamvalisha cha kushoto, kisha cha kulia. Vikaingia bila kubembelezwa. Matrida akasimama. Akaenda mpaka mlangoni na kurudi, akaenda tena, kama mtoto anayejaribu maji ya ziwa.

Skolastika alikuwa amewahi kuja kuaga, yupo pembeni, amevaa jozi yake ya zamani ya hapo hapo dukani. Akaja akakaa. Matrida naye akakaa. Ile miguu minne ikapangana sakafuni, mkubwa na mdogo, mdogo na mkubwa, na Samia akaona vile ambavyo simu yake haikuwa imemwonyesha: viatu vya Skolastika na viatu vya Matrida vilikuwa vya mtindo mmoja, vimetoka maboksi mawili yale yale.

Hapo Jabiri akashindwa kunyamaza. Alisema kweli yote ya siku ile ya kwanza, kwamba hakuuona mguu, kwamba alikosea, kwamba shukrani ya miaka yote hiyo alikuwa anaipokea isivyo haki.

Skolastika alimgeukia.

"Mkono ulikuwa wako, baba," alisema. "Kosa halikuwa lako."

Jozi zote zilimtosha Matrida. Soli za ile ya kwanza kabisa zilikuwa zimekufa, zinamomonyoka zikishikwa. Matrida aliichukua hata hiyo, akaifunga kwenye mtandio wake. Wale wanawake wakapeana namba za simu, wakakubaliana kwamba kuanzia sasa hakuna atakayenunua kiatu bila mwenzake.

Samia aliuliza benchi liende wapi. Alisema kuna mtu mwingine ameandika usiku, wa mguu mmoja, anataka kujua kama mzee bado anapokea watu.

"Lipeleke nyumbani," alisema Jabiri. "Liweke barazani."

Akamkabidhi mwenye nyumba funguo, akaenda msikitini, maana adhana ilikuwa imeshatoka. Alichelewa kuingia. Pale mlangoni ndala na makubadhi ya waumini yalikuwa yametapakaa, mamia, yamepandana na kuchanganyika. Kila wiki alikuwa anayaruka bila kuyatazama. Leo alisimama akayatazama, maana baada ya swala wote hawa wangetoka, na kila kiatu kingejulikana na mguu wake.

Akavua vyake, akaviacha katikati ya vingine, akaingia.