Jaribio la Tatu la Mkanda

Fundi cherehani yule alishona sare za shule miaka arobaini, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano. Mwanawe wa pekee alimlea kwa rula ya kupimia nguo: kosa dogo, rula, jibu refu, rula. Mkewe alipofariki, hapakubaki hata wa kumzuia mkono. Sasa kiharusi kimempoozesha upande mzima wa kushoto, na wa kumrudisha nyumbani ni nani? Ni yuleyule mtoto. Dunia duara, bwana.

Wodi ya mazoezi ilikuwa na sharti. Mgonjwa haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka ndugu aonyeshe mbele ya mwalimu wa mazoezi kwamba anaweza kumhamisha kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu bila kumwangusha. Ndugu akishindwa mara tatu, mgonjwa anapelekwa nyumba ya wasiojiweza, na huko, wauguzi wenyewe walisema, hajawahi kurudi mtu.

Wala si kazi ya ajabu. Funga breki za kiti, mvishe mgonjwa mkanda kiunoni, miguu yake ikanyage sakafu, hesabu tatu, mnyanyue. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," mwalimu alipenda kusema, "lakini kwa magoti, si kwa mgongo." Mama mmoja mwembamba alimhamisha mumewe siku ya kwanza tu.

Mwana wa fundi alikuwa mbeba makabati katika duka la fanicha, shingo nene kama kinu. Jaribio la kwanza akasahau breki. La pili akamvuta mzee kwa kwapa mpaka akalia.

Siku ya tatu fundi alinyoa ndevu. "Taratibu tu, baba," alimwambia mwanawe, yeye ambaye hakuwahi kumwita hivyo. "Nami nitasukuma kwa mguu mzima."

Mwalimu akaitwa kitanda cha jirani, akawapa mgongo. Hapo kijana akafunga breki, akakunja magoti, akamsimamisha baba yake wima bila hata kuhema. Jamani, raha ya kusimama! Miezi miwili mzee alikuwa anatazama dari, leo anaona watu barabarani kupitia dirishani.

"Kumbe unaweza," alinong'ona.

"Naweza tangu siku ya kwanza," kijana akajibu, bila hasira. Akasubiri mwalimu ageuke, kisha akaachia mkanda.

Mzee akaanguka kitandani kwa ubavu. Mwalimu akaja mbio na faili lake. "Mzee, imekuwaje tena?"

Neno moja tu lingemwokoa. Lakini aseme nini mbele ya wodi nzima? Kwamba damu yake mwenyewe haimtaki? Aibu ilimkaba kuliko maumivu.

"Andika ameshindwa," alisema. "Huyu tangu utotoni hana nguvu."

Mwalimu akaandika. Kijana akamfunika baba yake shuka vizuri, mpaka kifuani.

"Asante, baba," alisema, akaanza kupanga nguo za mzee kwenye mfuko, maana gari la wasiojiweza lilikuwa linakuja saa nane.