Fidla ya Mngazija wa Kitomanga

Enzi zetu pale Kitomanga, ukitaka kujua kama Fundi Ahamada yuko kazini, ulitumia pua. Alikuwa akichemsha ngozi ya ng'ombe kwenye sufuria kupata gundi ya kuungia mbao za fidla zake, na harufu yake ilivuka nyumba saba. Sisi watoto tuliiita supu ya fundi. Mama alifunga dirisha huku akinung'unika, "Mngazija huyu atatuua kabla hatujausikia huo muziki!"

Alitoka kisiwa cha Ngazija akiwa kijana, akifuata kazi ya useremala, akabaki. Milango na vitanda alitengeneza ili ale. Fidla alizitengeneza kwa sababu, alisema, bila hizo angesahau kwao. Mgongo wa fidla aliuchonga kwa mbao ya mninga, siku nyingi, akiugonga kwa kidole na kutega sikio. Tukimhimiza amalize, alitujibu, "Mbao haipigwi, wanangu. Inabembelezwa."

Mwaka ule dada yangu Mwanahawa alikuwa anaolewa, na fundi alimwahidi kumpigia fidla mpya. Zikiwa zimebaki siku mbili, panya wakala singa za upinde wa kupigia fidla, nywele za mkia wa farasi alizokuja nazo kutoka kwao. Farasi Kitomanga utampata wapi? Dada akaangua kilio. Fundi akakaa kizingitini, akasema kama anayejisemea, "Hata mkia wa ng'ombe ungefaa."

Mimi na rafiki yangu Amina hatukungoja kuambiwa mara mbili. Ng'ombe mwenye mkia wa maana alikuwa wa Bi Somoe, mjane ambaye hata mwalimu mkuu alimpisha njia. Amina akamlisha ng'ombe maganda ya ndizi, mimi nikakata kwa mkasi wa mama. Tulimwachia kishungi kama brashi ya kunyolea ndevu.

Singa zilikuwa mezani kwa fundi, zimeshachanwa, Bi Somoe alipotokea.

"Wako wapi hao walionivulia ng'ombe nguo?"

Tukajibanza nyuma ya mbao. Fundi akasimama. "Bi Somoe, watoto wamekata, lakini neno lilitoka kinywani mwangu. Kosa ni langu."

Bi Somoe akazitazama singa pale mezani. "Haya. Harusini nakaa mbele kabisa. Fidla yako ikikoroma, utamrudishia ng'ombe wangu singa zake moja moja."

Sisi tulichapwa, tena barabara. Baba hakuuliza nani alishika mkasi. Alianza na aliyekuwa karibu.

Alasiri ya harusi fundi aliusugua upinde kwa sandarusi, ile gundi kavu ya mti, ili singa zishike nyuzi, akaiweka fidla begani. Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa mbaya, watu wote wakamgeukia Bi Somoe. Kisha sauti ikafunguka, nyororo, ikajaa ua mzima. Bi Somoe akajifunga kanga kiunoni, akawa wa kwanza kuinuka kucheza. Msimu wa korosho uliofuata, yeye na fundi wakaoana. Fundi aliyekuwa akisema kila Idi kwamba mwakani anarudi Ngazija, hatukumsikia tena akilitaja jambo hilo.

Wote wawili wamelala Kitomanga sasa. Juzi nilikwenda kwenye harusi ya mjukuu wa dada. Vijana wameleta spika ndefu kuliko bwana harusi, wanacheza huku wanajipiga picha. Umeme ukakatika. Ukumbi mzima ukakaa kimya, kila mtu kainamia simu yake, wanangoja urudi. Nikaikumbuka harusi ya dada uani kwetu. Enzi hizo kwetu umeme ulikuwa haujafika, na hakuna aliyerudi nyumbani bila kucheza.