Kambare wa Anti Sunita

Nilipokuwa mtoto, ule mwaka wa pili wa korona, niliogopa samaki asiyezidi urefu wa kidole.

Tulikuwa tumefungiwa ndani huku ughaibuni, mtaa wa Fairfield, mimi, baba na Bibi, mama yake baba. Anti Sunita, jirani yetu Mnepali wa ghorofa ya juu, alipochukuliwa na ambulensi alimwomba baba amtunzie tangi lake la samaki. Ndani aliishi kambare wa vijito vya milimani kwao, mwenye mikunjo ya ngozi kifuani ya kujibana kwenye jiwe maji yanapokwenda kasi. Pampu ndiyo iliyomfanyia mkondo.

Bibi alipomwona alisogeza kiti mbali. Kwao Uvira, alisema, kambare anayeshika jiwe ameshika pumzi ya anayemfuga. Akiachia, mtu huyo anakwenda. Na anayemgusa ili kumsaidia, ugonjwa unahamia kwake. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba yule ni samaki tu. Lakini tangu hapo sikupita sebuleni bila kuchungulia kama bado ameshika.

Alasiri moja, baba akiwa kazini ghalani Wetherill Park, umeme ulikatika. Maji yakatulia. Baadaye kambare akaanza kutweta, kisha akabanduka, akalala kiubavu kwenye changarawe. Akilini nilimwona Anti Sunita kitandani hospitalini, mipira puani. Nikapandisha mkono wa sweta.

"Toka pale, mutoto wangu," Bibi alisema. "Mimi nimeshazeeka."

Alizamisha mkono, akamrudisha samaki kwenye jiwe, akaanza kukoroga maji. Alikoroga huku akisali kwa sauti ya chini, nami nalia mlangoni, mpaka umeme uliporudi. Samaki alishika.

Anti Sunita alipona. Bibi akaanza kukohoa wiki ile ile, na hospitalini hatukuruhusiwa kumfuata. Tulimuaga kwenye simu.

Baba alisema virusi alivileta yeye kutoka ghalani, ambako wenzake walikuwa wakiugua, na najua ndivyo ilivyokuwa. Imani ya Bibi sikuirithi. Ila yeye aliiamini kabisa, na alipotia mkono majini aliamini kwamba anajitoa badala yetu wawili, mimi na jirani ambaye hata lugha yake hakuijua. Nikimkumbuka, hofu ya alasiri ile ndiyo hutangulia. Shukrani huja baadaye, taratibu, na hukaa zaidi.